Shoo yako ya kwanza ya mtunzi wa foki na kantri: kuanzia tiketi hadi wimbo wa nyongeza

Maswali ni yale yale kila mara. Nifike saa ngapi? Naruhusiwa kurekodi? Mbona hakuna anayecheza? Mbona yule mama wa kiti cha mbele aligeuka akanitazama wakati namnong'oneza rafiki yangu jambo dogo tu? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda kwa mara ya kwanza kumsikiliza mtu na gitaa lake, pengine na wenzake wawili watatu, akiimba nyimbo alizozitunga mwenyewe. Muziki huu ni wa kusimulia. Kuna mtu, kuna mahali, kuna jambo lililomfika, na mara nyingi fundo la kisa limewekwa kwenye ubeti wa mwisho. Likikupita, wimbo umekupita. Kwa hiyo kila ushauri ulio hapa chini, kuanzia kiti hadi viatu, unajibu swali moja: utayasikia maneno?

Andaa hivi kabla

- Tiketi iliyo mkononi au ndani ya programu rasmi ya simu, ikiwa imefunguliwa walau mara moja ukiwa nyumbani kwenye intaneti ya uhakika.
- Kitambulisho chenye picha. Kumbi zenye baa mara nyingi huweka kikomo cha umri. Marekani, kwa mfano, zipo nyingi zisizoruhusu walio chini ya miaka 21.
- Simu yenye chaji ya kutosha.
- Vizibo vya masikio. Ndiyo, hata kwa muziki huu, nitaeleza mwishoni.
- Pesa taslimu kidogo pamoja na kadi, kwa ajili ya meza ya bidhaa za msanii.
- Begi dogo. Kumbi nyingi huzuia mabegi makubwa ya mgongoni, na nyingine zinataka begi la plastiki linaloonyesha ndani. Soma masharti yao kabla ya kutoka.
- Mpango wa kurudi. Jua usafiri wa mwisho unaondoka saa ngapi. Anayeanza kuangalia saa wimbo wa tatu kabla ya mwisho hasikilizi tena.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kwenye shoo ya namna gani

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jina la msanii kwenye bango halikwambii utakachokikuta. Mtu yule yule anaweza kuja peke yake na gitaa mwezi huu, na mwezi ujao akaja na bendi kamili ya ngoma, besi na gitaa la umeme. Hizo ni shoo mbili tofauti kabisa. Tafuta kwenye tangazo kama ameandikiwa peke yake, wawili, watatu au na bendi. Usipouliza utakuja kununa bila sababu. Mwaka 1965 Bob Dylan, mtunzi wa Marekani aliyejulikana kwa gitaa lisilo la umeme, alipanda jukwaa la tamasha la foki la Newport na gitaa la umeme, na sehemu ya umati ikamzomea. Wengi husimulia kuwa walitarajia jambo moja, wakapata jingine.

Kisha tazama mahali penyewe.

*Chumba cha kusikiliza.* Ni ukumbi mdogo, meza chache, na kimya ni sheria ya nyumba. Mfano unaojulikana zaidi ni Bluebird Cafe ya Nashville, mji wa Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1982, yenye nafasi ya watu kama 90 tu. Pale watunzi wanne hivi huketi kwa duara katikati ya chumba na kupokezana: huyu anaimba wake, anaeleza ulivyotungwa, kisha zamu inahamia kwa mwenzake. Ukiongea utanyamazishwa, tena bila kuombwa radhi. Kwa mgeni wa muziki huu, sidhani kama kuna pa kuanzia pazuri kuliko chumba cha namna hii.

*Ukumbi wa viti.* Viti vina namba, unakaa unatulia. Ukumbi wa Ryman, pia wa Nashville, ulifunguliwa mwaka 1892 kama nyumba ya ibada, na mpaka leo watu hukalia mabenchi marefu ya mbao. Chukua kitu cha kukalia ikiwa mgongo wako una malalamiko na ukumbi unaruhusu.

*Klabu ya kusimama.* Hakuna kiti, baa iko wazi, glasi zinagongana. Maneno hupotea kirahisi hapa, na hatua ya 3 inakuhusu zaidi.

*Tamasha la uwanjani.* Wasanii wengi, muda mfupi, upepo unabeba sauti. Nenda kwa raha zake, ila usiliite shoo ya fulani.

*Sebuleni kwa mtu.* Mwenyeji anaalika watu wachache, msanii anaimba bila spika au na moja ndogo, na mchango wa waalikwa kwa kawaida huenda kwake. Ukialikwa, usikatae.

Angalizo moja kwa wasafiri: Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza mwaka 1925 na kinachoendelea kufanyika mbele ya hadhira, si shoo ya msanii mmoja. Ni wasanii wengi, kila mmoja nyimbo mbili tatu kisha anampisha mwingine. Usinunue tiketi ukidhani utamsikia kipenzi chako kwa saa nzima na nusu.

Hatua ya 2: Nunua tiketi kupitia njia ya msanii mwenyewe

Usianzie kwenye mtambo wa kutafuta kama Google. Matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa na walanguzi, na kurasa zao zimepambwa zifanane na za ukumbi. Fungua tovuti ya msanii, nenda kwenye orodha ya ziara, bonyeza tarehe yako. Kiungo kilicho pale ndicho cha muuzaji halali. Ukijiandikisha kupokea barua pepe zake, mara nyingi utatumiwa neno la siri la kununua siku moja au mbili kabla ya watu wote, na kwenye kumbi ndogo siku hiyo moja ndiyo inayotofautisha aliye ndani na aliye nje.

Zikiisha, usikimbilie kwa mlanguzi. Waandaaji hushikilia viti kwa ajili ya wageni wa msanii au nafasi ya mitambo, na siku zinapokaribia huviachia. Tazama tena ukurasa wa ukumbi wiki ya shoo, na asubuhi ya siku yenyewe. Uliza pia kama kuna sehemu rasmi ambapo mashabiki wanauziana kwa bei iliyoandikwa kwenye tiketi.

Tahadhari: siku hizi tiketi nyingi za simu zina msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache. Skrinishoti yake ni picha tu, haifungui mlango. Mtu akikuuzia skrinishoti, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Tiketi ihamishwe ndani ya programu, jina litoke kwake liingie kwako, ndipo ulipe.

Hatua ya 3: Chagua kiti kwa masikio, siyo kwa macho

Kila mgeni anataka mstari wa mbele. Kwenye chumba kidogo sawa. Kwenye ukumbi mkubwa, mstari wa mbele una kasoro yake: spika kubwa zinakupita pembeni au juu ya kichwa, na unachosikia ni gitaa na ngoma zinazotoka jukwaani moja kwa moja huku sauti ya mwimbaji ikiwa nyembamba.

Mtafute fundi mitambo. Yupo karibu kila ukumbi, katikati kuelekea nyuma, nyuma ya meza yenye vitufe vingi. Anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, pale alipoketi. Kiti cha mbele yake kidogo, katikati, ndicho ninachokipigania. Epuka chini ya balkoni ndani kabisa, maana sauti hufubaa hapo. Epuka pia jirani ya baa na jirani ya mlango wa choo. Kwenye klabu ya kusimama fanya vivyo hivyo: nusu ya ukumbi, katikati, mbali na glasi.

Hatua ya 4: Sikiliza nyimbo kabla, ila usizimalize

Albamu mbili zinatosha: ile mpya, maana ndiyo anayoizungushia ziara, na ile ambayo mashabiki wa zamani wanaiapia. Zisikilize mara kadhaa ukiwa na maneno mbele yako. Usitafute orodha ya nyimbo alizopiga mji uliopita. Utakuwa umekaa unasubiri namba saba badala ya kusikia namba sita.

Hatua ya 5: Fika kwa saa sahihi

Tiketi huwa na saa mbili: ya milango na ya shoo. Ya milango ni ya kuingia. Mara nyingi hutangulia kwa saa moja. Na tusichekane: 8:00 ya usiku kwenye tiketi, au 20:00, ni saa mbili usiku. Ipo familia iliyofika saa nane usiku kweli na kukuta mlinzi anasinzia.

Viti vikiwa na namba, fika dakika 30 kabla ya shoo. Visipokuwa na namba, panga foleni kabla milango haijafunguliwa. Mlangoni mabaunsa watapekua begi, watasoma msimbo, watakuvisha kikuku cha karatasi au kukugonga muhuri. Uliza hapo hapo kama ukitoka unaruhusiwa kurudi; kumbi nyingi haziruhusu.

Hatua ya 6: Msikilize anayefungua jukwaa

Karibu kila shoo huanza na msanii mwingine kwa nusu saa au dakika 45. Kosa la kawaida ni kumgeuza muziki wa kusindikiza maongezi. Kwenye foki na kantri huyu mara nyingi amechaguliwa na msanii mkuu mwenyewe, na huenda akaitwa tena baadaye kuitikia. Baada yake kuna mapumziko ya dakika 20 hadi 30. Hapo ndipo pa kwenda msalani na kununua kinywaji. Si katikati ya wimbo.

Hatua ya 7: Kaa kimya, na ujue kwa nini

Huu ndio moyo wa shughuli yenyewe.

Mtunzi wa aina hii hutumia kimya kama ala. Hupunguza sauti ili umsogelee, huacha pengo kabla ya neno zito. Ukijaza pengo hilo kwa kikohozi cha makusudi au kwa "oyooo!", umelichukua. Subiri mlio wa waya wa mwisho uzime kabisa ndipo upige makofi. Nyimbo nyingi zina mwisho wa uongo: gitaa linanyamaza, unadhani kwisha, kumbe ubeti mmoja umebaki.

Makofi ya kufuatisha mdundo yana tatizo la kifizikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita 34 nyuma, unausikia mdundo ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Unapiga makofi, nayo yanamrudia mwimbaji yakiwa yamechelewa kiasi hicho tena. Kwa mtu anayechuna nyuzi kwa vidole peke yake, bila ngoma ya kumshika, huko ni kumvuta shati. Piga tu akialika.

Kuimba pamoja: kiitikio ni cha wote akikupa ishara, beti ni zake. Mtu aliyelipa amekuja kumsikia yeye, hakuja kukusikia wewe.

Kati ya nyimbo utamwona akiinama juu ya gitaa. Mtazame vizuri. Anabana kapo, kale kakibano ka shingoni mwa gitaa kanakopandisha nyuzi zote kwa mara moja, kisha anakanyaga kidude cha miguuni chenye taa ndogo, kinachomwonyesha kama kila waya uko kwenye sauti yake sahihi. Kikikanyagwa, gitaa linakatika kwenye spika. Anachuna waya mmoja mmoja, anazungusha sikio la gitaa kidogo, taa zinahama kutoka upande mmoja kuja katikati, zinakuwa kijani, anahamia waya unaofuata. Kapo huvuta nyuzi, joto la taa za jukwaani hulegeza, na nyimbo nyingine zinahitaji waya mzito ushushwe kabisa. Wakati mikono ina kazi hiyo, mdomo unasimulia: alivyopotea njia, bibi yake alivyosema, kwa nini wimbo unaofuata una jina hilo. Wageni hudhani huo ndio muda wa kupiga soga. Mimi naona hapo ndipo unapopata nusu ya thamani ya tiketi yako, maana masimulizi hayo hayamo kwenye albamu.

Akiwa na wenzake, tazama nani anafanya nini. Fidla na mandolini utavitambua. Lile gitaa lililolazwa kama meza, lenye pedali chini na vyuma magotini, ndilo linalotoa mlio ule wa kuvutika wa kantri. Na banjo, ambayo wengi hudhani ni ya Wazungu wa milimani, asili yake ni ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari pamoja na watu waliotekwa utumwani.

Hatua ya 8: Simu

Zima mlio, zima mtetemo, punguza mwanga wa skrini kabla taa hazijazimwa. Kama picha zinaruhusiwa, piga mbili tatu kwenye wimbo wa kwanza, bila flashi, simu isipande juu ya uso wako, kisha iweke mfukoni. Kurekodi shoo nzima ni kuwazibia walio nyuma kwa video ambayo hutaitazama.

Baadhi ya wasanii hawataki simu kabisa. Kwenye shoo za Bob Dylan za miaka ya karibuni, simu hufungiwa ndani ya kifuko maalumu mlangoni. Unabaki nacho mwenyewe, ila hakifunguki mpaka urudi sehemu waliyoitenga. Ukikuta utaratibu huo, hakikisha tiketi imeshasomwa na wenzako mmeshakubaliana pa kukutania kabla ya kufungiwa.

Hatua ya 9: Kuomba wimbo

Omba akiuliza. Taja jina la wimbo mara moja, kwa sauti inayosikika, kisha nyamaza. Usitaje wimbo unaohitaji bendi wakati yuko peke yake, na usitaje wa msanii mwingine. Kuna mzaha wa zamani wa kupaza sauti kuomba wimbo wa bendi fulani ya roki. Kila mwanamuziki ameusikia mpaka umemchosha.

Hatua ya 10: Usiondoke taa zikiwa bado zimezimwa

Akiaga na kutoka, mara nyingi atarudi kwa wimbo mmoja au miwili ya nyongeza. Alama ni taa: zikibaki zimezimwa ukumbini, endelea kupiga makofi. Zikiwaka na muziki wa spika ukianza, imekwisha.

Kisha pita kwenye meza ya bidhaa. Mtunzi wa kiwango cha kati hapati kitu cha maana nyimbo zake zikisikilizwa mtandaoni. Wimbo ukisikilizwa mara moja humletea sehemu ndogo ya senti. Santuri moja au fulana moja ni msaada anaouona, hata pale ambapo ukumbi unakata asilimia yake. Kama anasaini mwenyewe, shika foleni, fungua kasha kabla hujafika, sema jambo moja la kweli kuhusu wimbo mmoja, piga picha ukiruhusiwa, mpishe mwingine. Usimpe demo yako, yaani rekodi ya majaribio ya nyimbo zako.

Mambo yakienda kombo

*Tiketi haisomi mlangoni.* Toka kwenye foleni, usibishane. Ongeza mwanga wa skrini, funga na ufungue programu. Bado? Nenda dirisha la tiketi na kitambulisho pamoja na barua pepe ya malipo.

*Kiti changu kimekaliwa.* Linganisha tiketi kwa upole. Mara nyingi ni mstari mmoja juu au chini. Wimbo ukiwa umeanza, simama pembeni umalizike, kisha mwite mhudumu.

*Jirani haachi kuongea.* Mtazame mara moja. Kisha, kati ya nyimbo, mwambie: "Samahani, simsikii." Maneno hayo mawili humaliza kesi nyingi. Yakishindikana ni kazi ya mhudumu. Usimzomee katikati ya wimbo, utakuwa umeharibu kuliko yeye.

*Maneno hayasikiki.* Hama kwanza, hatua kumi kuelekea katikati zinaweza kubadilisha kila kitu. Usimpigie kelele msanii kuwa sauti haitoshi. Yeye anasikia spika zake za jukwaani, hasikii unachosikia wewe. Mwambie mhudumu amfikishie fundi mitambo.

*Masikio yanavuma.* Shoo ya bendi inaweza kufika desibeli 100. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini huhesabu kiwango hicho kuwa salama kwa dakika 15 tu kwa siku, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka desibeli 100 kuwa wastani wa juu kabisa kwa kumbi. Vaa vizibo mapema. Vile vya wanamuziki hupunguza sauti zote kwa uwiano, kwa hiyo maneno yanabaki wazi. Vya sifongo hufifisha zaidi sauti nyembamba, na herufi kama s na f ndizo za kwanza kupotea. Mvumo ukiendelea baada ya siku moja au mbili, muone daktari.

*Nimekuja peke yangu.* Hilo si tatizo. Kiti kimoja ndicho rahisi zaidi kupata katikati ya ukumbi.

*Shoo imeahirishwa.* Koo la mwimbaji likiugua hakuna wa kushika nafasi yake, kwa hiyo hutokea. Tunza tiketi, maana kwa kawaida hutumika tarehe mpya. Usipoweza kwenda tarehe hiyo, omba marejesho mara tu barua pepe inapofika. Dirisha la kuomba huwa na siku ya kufungwa, na ada ya huduma mara nyingi hairudi. Uliyenunua kwa mlanguzi huna wa kumdai isipokuwa mlanguzi.